Kifusi cha Maweni

Nianze na wahusika, ili msomaji asihangaike kuwatafuta katikati ya habari. Walioruhusu makaburi ya Maweni, hapa mjini Sumbawanga, yafukuliwe kwa greda bila tangazo, bila ndugu kujulishwa na bila dua, ni watatu. Wa kwanza ni mkuu wa idara ya ardhi aliyepitisha mchoro wa eneo hilo akiwa amekaa kitini. Wa pili ni mpima wa kukodiwa aliyeuchora mchoro huo bila kukanyaga nyasi za mahali penyewe. Wa tatu ni mwenyekiti wa mtaa aliyetia sahihi kwamba eneo lile halina kitu, ilhali yeye mwenyewe alipata kushika jeneza likipelekwa pale. Nawataja kwa vyeo kwa sababu kosa lilitendwa kwa vyeo. Majina yao wanayo wanaopaswa kuwa nayo.

Mimi nilikuwa mpima ardhi katika utumishi wa umma. Vijana walioingia kazini baada yangu wameniomba mara nyingi niandike jinsi sisi tulivyofanya kazi hiyo. Naandika sasa, ingawa si kwa furaha waliyoitarajia.

Siku ya kwanza niliripoti ofisini hapa Sumbawanga wakati wa kipupwe, nimevaa viatu vyeusi vilivyong'arishwa na mama yangu mdogo hadi vikaonyesha sura. Mpima Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti na mkali wa macho. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaviangalia viatu vyangu kwa muda mrefu.

"Hivyo ni vya kuendea misa," alisema. "Ardhi haina misa, kijana. Ina umande."

Kabla ya saa nne nilikuwa bondeni, nimelowa hadi magotini, nimeshika ufito wa kulengea, yaani mti mrefu uliopakwa mistari myekundu na myeupe ambao mpima huutazama kwa mbali. Chombo chenyewe kiliitwa teodolaiti, darubini ya kupimia pembe inayosimama juu ya miguu mitatu. Urefu tuliupima kwa mnyororo wa chuma. Kila kona ya kiwanja tulizika bikoni, kigingi cha zege chenye chuma katikati, kisichopaswa kung'olewa na mtu yeyote asiye na amri.

Siku hiyo nilitaka sana kukigusa chombo. Mpima Mkuu alinizuia kwa mkono. Aliniambia maneno ambayo baadaye niliyarudia kwa kila msaidizi niliyepewa: "Kabla hujasimamisha chombo, simamisha watu."

Maana yake ilikuwa hii. Hatukupima eneo lolote kabla ya kutembeza mpaka. Tuliwaita majirani wote, wazee wa mahali na wanawake wanaolima hapo, tukalizunguka eneo kwa miguu, na kila baada ya hatua kadhaa tukauliza swali moja tu: chini kuna nini? Mmoja alisema kisima kilichofukiwa. Mwingine alisema mahali pa tambiko. Mama mmoja alinyamaza hadi tulipokaribia migomba, ndipo akasema kuna kichanga chake. Kazi hiyo ilichosha, na mara nyingi ilichukua muda mrefu kuliko upimaji wenyewe. Lakini mambo yaliyo chini ya ardhi hukaa vichwani mwa watu, na hakuna chombo kinachoyaona.

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Kasanga, kule ziwani. Nilipelekwa kupima viwanja vya maghala karibu na gati, na huko nilimfahamu Mzee Hemedi. Babu yake alitoka Omani, akapitia Ujiji, akaishia Kasanga akiuza nguo na chumvi. Mzee Hemedi mwenyewe alikuwa na lori lililopandisha migebuka na dagaa Sumbawanga na kuteremsha mahindi. Alizungumza Kifipa kilichonishinda mimi Mfipa, kwa sababu mkewe alikuwa Mfipa wa kijiji cha jirani na chetu, na kwa mujibu wa mkewe, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuzungumza na karani.

Asubuhi moja nilimkuta ufukweni peke yake, ameinama, akigeuza mawe. Alilichukua moja, akalipapasa, akalirudisha. Nilidhani anatafuta ya msingi.

"Unajenga, mzee?"

"Najenga, Bwana Ardhi. Nyumba ya mke wangu."

Mkewe alikuwa amefariki kule juu Sumbawanga, walikohamia watoto na duka. Alikuwa amezikwa tayari, maana kwao maiti haicheleweshwi, na mume alikuwa ameshuka kutafuta mawe. Alinieleza bila kuinua kichwa. Kaburi la kwao halijengwi, halipakwi chokaa, wala haliandikwi jina. Mwanamume huwekewa mawe mawili, kichwani na miguuni. Mwanamke huwekewa matatu, la tatu katikati. Na ukoo wake, popote mtu wao anapofia, mawe hutoka ufukwe ule wa Kasanga, kwa sababu hapo ndipo babu yao alipotua mzigo. Nilimuuliza watu watajuaje nani kalala wapi ikiwa hakuna jina.

"Jina Mungu analijua," alisema. "Sisi tunalijua jiwe."

Nilikuwa narudi mjini siku hiyo hiyo, nikapanda lori lake. Mawe mawili yalikaa kwenye gunia miguuni mwa utingo. La tatu nililipakata mimi hadi juu ya mlima, zito, laini kama sabuni iliyotumika, na halikupata joto safari nzima.

Kutoka Kasanga nilihamishiwa Namanyere. Afisa Ardhi wa pale hakuwa na gari, na teodolaiti yake ilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa waya, lakini sijapata kumwona mkuu aliyeheshimu kazi kuliko yeye. Tulikuwa tumekwisha kuchora eneo la shule wakati bibi mmoja alipokuja ofisini na jembe begani kusema kwamba darasa la mwisho litamkalia pacha wake. Mchoro ulikuwa umepelekwa ngazi ya juu, nami nikasema tumechelewa. Afisa Ardhi alikunja mchoro, akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia na matope. "Mchoro unafutika kwa raba," alisema. "Maiti haifutiki." Darasa lilisogezwa, na bibi yule alituletea kuku ambaye Afisa Ardhi alikataa kumpokea, kisha akamnunua.

Niliporudishwa Sumbawanga nikiwa na cheo, kazi mojawapo niliyokabidhiwa ilikuwa kupima Maweni. Ni mwinuko mdogo wa nyasi nyuma ya mji, umezungushiwa ua wa minyaa. Watu wanapaita Maweni kwa sababu ya mawe yale ya ziwani, meusi na ya mviringo, ambayo huwezi kuyaona popote pengine juu ya nyanda hii. Tulitembeza mpaka kama kawaida. Walikuja wakulima Wakristo wanaopakana na eneo, wakaja wenye maduka, akaja Bi Zuwena, binti yake Mzee Hemedi, ambaye baba yake naye alikuwa amekwisha kuwekewa mawe yake mawili. Bi Zuwena alituonyesha kila kaburi kwa kidole na kulitaja kwa jina, Waarabu na wake zao Wafipa, wajukuu wasiojua hata neno moja la Kiarabu. Tulizika bikoni nne, na kwenye mchoro wa mji mahali pale pakaandikwa maziko.

Bi Zuwena aliniita mjomba tangu siku hiyo. Tulikuwa wa rika moja, na nilimwambia ananizeesha. Alijibu kwamba mama yake ni Mfipa, kwa hiyo Wafipa wote wanaume ni wajomba zake, na mjomba asiyenunua sukari dukani kwa mpwa wake ni mchawi. Nilinunua sukari hapo hadi nilipostaafu.

Dukani kwake ndipo nilipokutana na Seif, mdogo wake. Aliondoka kijana kwenda Ujerumani, akafanya kazi kiwandani, akaishi katika mtaa wa Waarabu waliotoka Moroko, Lebanoni na Iraki. Alisema alipofika walimpokea kama ndugu, kisha wakacheka Kiarabu chake, maana alikuwa na kile cha sala tu. Watoto wao walizaliwa kulekule, wakasoma kulekule, wakakijua Kijerumani kuliko walimu wao, na bado kila walipojitambulisha waliulizwa: sawa, lakini umetoka wapi hasa? Seif alizoea. Kilichomsumbua ni makaburi.

"Huko kaburi linapangishwa, Bwana Ardhi, kama chumba," aliniambia, amekaa juu ya gunia la ulezi. "Unalipiwa muda. Muda ukiisha na wanao wamehama, unampisha mwingine. Wazee wa msikitini kwetu wanakufa na hofu hiyo. Wengine wanachangishana wasafirishwe kwao."

"Na wewe?" dada yake alimuuliza.

"Mimi kule naitwa Mwarabu, na hapa naitwa Mwarabu. Sikatai, ndiye niliye. Ila nataka mahali pamoja ambapo sitaulizwa tena. Mnilaze kwa mama."

Bi Zuwena alimwambia aache kuagiza kaburi kabla ya kulipa soda. Alicheka, akalipa. Lakini sote wawili tulilisikia neno lile.

Seif alifariki hukohuko miaka kadhaa baadaye. Watu wa msikiti wake walichanga, na mwili ukaletwa kwa ndege hadi Dar es Salaam, kisha kwa barabara, Mbeya, Tunduma, hadi kwetu. Nilikuwepo. Jeneza la Kijerumani lilikuwa la mbao nzuri zenye vishikio vya chuma, na mwenyekiti wa mtaa, ambaye nimemtaja juu, alikuwa miongoni mwa waliolishika kutoka garini. Pale Maweni walilifungua, wakamtoa, wakamlaza ubavuni katika sanda, karibu na mawe matatu ya mama yake, mojawapo nililijua kwa uzito. Mawe yake mawili yalikuwa yamefika kutoka Kasanga tangu jana yake. Bi Zuwena hakulia mbele yetu. Aliniambia tu, "Amefika, mjomba. Huyu hapangi tena."

Nilistaafu baada ya hapo. Nilikabidhi ofisi, nikapewa saa ya ukutani, nikaenda kulima mahindi.

Sasa nieleze mambo yalivyofanyika baada yetu. Mji ulihitaji soko jipya la nafaka lenye maghala na maegesho ya malori, na haja hiyo ilikuwa ya kweli, sijapata kuipinga. Mpima alikodiwa. Alirusha droni, kile chombo kidogo kinachoruka na kupiga picha kutoka juu, kisha akakaa mezani na kuchora mji upya kutoka kwenye picha. Picha ni sahihi sana kwa mapaa na barabara. Lakini jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, lililozama kwenye nyasi za masika, halionekani kutoka angani. Mpima aliona nyasi, akaandika nyasi. Neno maziko, lililokuwa kwenye mchoro wa zamani, halikuhamishiwa kwenye mpya, kwa sababu aliyechora alitafuta misalaba, saruji na majina, na hakuviona. Mpaka haukutembezwa. Hakuna jirani aliyeulizwa chini kuna nini. Aliulizwa mwenyekiti peke yake, mezani, naye akatia sahihi. Baadaye alijitetea kwamba alidhani ni karatasi ya kukubali soko.

Bi Zuwena alikuja shambani kwangu kwa bodaboda, mzee kama alivyo, kuniambia kwamba bikoni zimeng'olewa na minyaa imefyekwa. Kesho yake tulikwenda wawili kwa mkuu wa idara. Ni kijana mwenye shahada, na alitupokea kwa adabu. Aliniamkia shikamoo na kutuagizia chai. Nilimweleza habari yote kama nilivyoieleza hapa. Nilimkabidhi pingamizi kwa maandishi, likapigwa muhuri wa kupokelewa. Nilimkumbusha kwamba sheria ya kuhamisha makaburi inataka tangazo, ndugu wajulishwe, viongozi wa dini wawepo na mabaki yazikwe upya kwa heshima.

"Mzee wangu, sheria hiyo inahusu makaburi," alisema. "Yale ni mawe. Kaburi lina jina. Nionyesheni jina moja tu."

Bi Zuwena aliyataja majina. Alianza na babu yake na akaendelea bila kupumzika, Waarabu na Wafipa, hadi kwa Seif. Mkuu wa idara alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi, akashusha sauti kama vile yule mama hayupo.

"Unajua, mzee, hawa wenzetu wana kwao. Sisi tunajenga soko kwa ajili ya wananchi."

"Kwetu ni wapi, baba?" Bi Zuwena alimuuliza. Aliuliza kwa Kifipa. Mkuu wa idara si mtu wa huku, hakuelewa, akatabasamu. Sikumtafsiria, kwa sababu swali lile halikuhitaji jibu lake. Alisema atalifanyia kazi suala letu. Akaongeza kwamba nimelitumikia taifa vya kutosha, sasa nipumzike.

Greda liliingia Maweni kabla wiki haijaisha. Tulipigiwa simu na mkulima jirani, Mkristo, ambaye alikuwa amesimama mbele ya mashine na jembe lake hadi alipoondolewa. Nilipofika, upande wa chini ulikuwa umekwisha kukwanguliwa. Udongo wa pale ni mwekundu, na ndani yake kulikuwa na vipande vyeupe ambavyo mtu aliyewahi kuzika hahitaji kuelezwa. Dereva wa greda alisimamisha mashine alipoona kitambaa. Alishuka, akavua kofia, akamwambia msimamizi kwamba yeye ana mama. Msimamizi alimwambia apande au aache funguo. Aliacha funguo, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini, na katika habari hii yote ndiye mtu pekee wa upande ule ninayeweza kumwamkia barabarani. Dereva mwingine alipatikana kabla ya adhuhuri.

Mashehe walipofika na watu wa mji, Waislamu kwa Wakristo, kazi ilisimama, lakini safu ya Seif na mama yake ilikuwa imekwisha kupakiwa. Udongo ulichotwa kwenye malori kama kifusi, yaani udongo wa kujazia mashimo ya barabara, na malori yalikuwa yameondoka. Mawe ya Kasanga yalitengwa kando kwa sababu ni mazuri kwa msingi. Tuliyakuta yamerundikwa pamoja, yote, na Bi Zuwena alikaa mbele ya rundo lile. Aliyapapasa moja baada ya jingine. Alilijua la baba yake. Alilijua la mama yake, lile la katikati. Lakini jiwe lililokwisha kuondolewa halimwonyeshi mtu kitu, na yeye alilifahamu hilo kuliko sisi tuliokuwa tunampa pole.

Tangu hapo nimeuliza katika ofisi zote zinazohusika kifusi kile kilimwagwa wapi. Mkuu wa idara ananielekeza kwa mkandarasi, mkandarasi kwa msimamizi, na msimamizi anasema madereva walikuwa wa kutwa, hawajulikani walipo. Wameniambia pia kwamba suala limefungwa, kwa kuwa sehemu iliyobaki ya Maweni imeachwa na soko limesogezwa. Hivi sasa ukipita barabara inayoteremka bondeni unaweza kumwona mama mzee, amejifunga khanga mbili kwa ajili ya baridi, akichokora kingo za barabara kwa kijembe kidogo popote anapoona udongo mwekundu. Watoto wa shule wanamwamkia, naye anawaitikia kwa Kifipa na kuendelea. Nimewahi kumwomba arudi nyumbani. Aliniambia, "Mjomba, Seif alikimbia Ujerumani asije akafukuliwa. Nikikutana naye nitamwambia nini?"

Nilipokuwa kazini niliamini kwamba ofisi ina kumbukumbu hata watu wake wakiondoka. Kustaafu kumeniondolea imani hiyo. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuishi mahali vizazi vinne, akaoa hapo, akazika hapo, akaisahau lugha ya babu yake, na bado afisa mmoja mwenye chai mkononi akamwambia ana kwao. Na nimejifunza kwamba chombo kipya si ubaya. Ubaya ni kukisimamisha chombo na kuwakalisha watu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote na kwa maandishi haya, nadai mamlaka zenye dhamana ya ardhi na ya maziko ziwahoji hadharani mkuu wa idara, mpima na mwenyekiti wa mtaa niliowataja, kila mmoja aeleze kwa nini mpaka haukutembezwa, kwa nini neno maziko liliondolewa kwenye mchoro, na kwa nini pingamizi lililopokelewa kwa muhuri halikujibiwa hadi leo. Nadai madereva watafutwe. Mji huu si mkubwa kiasi hicho. Nadai udongo ule uonyeshwe ulipo, uchekechwe mbele ya ndugu na viongozi wa dini, na kitakachopatikana kirudishwe Maweni chini ya mawe yake. Wahusika wasinijibu mimi. Wamjibu Bi Zuwena binti Hemedi, Mwarabu wa Kasanga na Mfipa wa kwetu, na wamjibu angali hai: lori lilimwaga wapi?